PICHA KATIKA MAJEDWALI: HABARI ZA UPANGAJI WA CHAPA TOKA HERUFI ZA RISASI HATA MAANDISHI MATUPU

Neno jedwali lilikuja katika Kiswahili kutoka Kiarabu, na katika lugha hiyo jadwal ni mfereji mdogo wa maji kabla ya kuwa orodha iliyopangwa kwa safu. Mfano huo ni mwema, kwa kuwa jedwali ni mifereji ya maneno: kila jambo hushuka katika njia yake wala halichanganyiki na la jirani. Maneno na tarakimu hukubali kupita katika mifereji hiyo pasipo shida kubwa. Picha haikubali. Ina kimo chake na upana wake, haikatiki mwisho wa mstari kama neno likatikavyo, na tangu siku za kwanza za kupiga chapa imewataabisha wale watakao kuikalisha katika kijumba kimoja cha jedwali, kando ya maelezo yake.

Taabu hiyo si ya mafundi peke yao. Mwanachuoni anayelinganisha miandiko ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu hutaka kuweka katika mstari mmoja picha ya neno kama lilivyotoka mkononi mwa mwandishi, usomaji wake kwa herufi za Kilatini, na tarehe ya hati. Mtungaji wa kamusi ya lugha ya alama hutaka picha ya mkono ikae mbele ya maana yake. Katika kazi za namna hiyo picha si pambo, ndiyo ushahidi wenyewe. Ikiondolewa mahali pake na kupelekwa ukurasa mwingine, msomaji hubaki na kauli ya mtungaji tu, wala hawezi kuihakiki kwa mtazamo mmoja. Kwa hiyo historia ya picha katika majedwali yafaa kuchunguzwa na watu wa lugha pia, wala isiachiwe wapiga chapa pekee.

Ajabu ni kwamba watu wa kwanza walifanikiwa kuliko wengi waliowafuata. Katika mwaka wa 1476 Erhard Ratdolt na wenzake walipiga chapa mjini Venice kalenda ya mnajimu Regiomontanus. Ndani yake zimo kurasa za kupatwa kwa jua na mwezi, na kila tukio limewekewa tarehe yake, saa yake, na duara lililotiwa wino kuonyesha ni sehemu gani ya jua au mwezi itakayofichwa. Duara limesimama pamoja na tarakimu zake. Asomaye hana haja ya kufunua karatasi nyingine. Miaka sita baadaye, mwaka wa 1482, Ratdolt huyo huyo alitoa kitabu cha jiometria cha Euclid, na michoro yake mamia ikakaa ukingoni mwa ukurasa, karibu na maneno yanayohusika.

Sababu ya mafanikio hayo ilikuwa katika vyombo vyenyewe. Herufi ya risasi huchukua wino juu ya uso wake ulioinuka, na kibao cha mti kilichochongwa hufanya vivyo hivyo. Kibao kikikatwa kiwe na kimo sawa na herufi, hufungwa pamoja nazo katika fremu moja, hupakwa wino mara moja, na hukandamizwa mara moja. Kwa mpanga herufi, kibao kilikuwa herufi kubwa tu. Aliweza kukiweka katika kijumba cha jedwali, akajaza nafasi iliyosalia kwa vipande vifupi vya risasi visivyogusa wino, na kazi ikawa imekwisha. Katika nchi zinazotumia Kiingereza kimo hicho kilikuja kuthibitishwa kuwa inchi 0.918, yaani kama milimita 23.3, kibao kilichopungua kidogo kiliinuliwa kwa karatasi iliyobandikwa chini yake.

Umoja huo ulivunjwa na shaba. Mchoro uliochimbwa katika bamba la shaba huwa na nyuzi nyembamba ambazo mti haukuziweza, na wataalamu wa elimu ya viumbe, ramani na mitambo waliupenda sana. Walakini wino wa bamba hilo hukaa ndani ya mifereji iliyochimbwa, si juu ya uso, na huhitaji mtambo mwingine wenye magurudumu mazito. Karatasi moja ilipasa kupita katika mitambo miwili ikiwa picha na maneno yatakaa pamoja. Gharama ilikuwa kubwa, na ilikuwa vigumu kuzilenga nafasi zisipishane. Basi wapiga chapa waliziondoa picha katika maneno, wakazikusanya mwisho wa kitabu au katika kitabu cha peke yake. Ensaiklopidia kuu ya Kifaransa ya Diderot na d'Alembert ndiyo mfano ulio wazi kuliko yote: juzuu 17 za maneno zilizoanza kutoka mwaka wa 1751, na juzuu 11 za picha zilizotolewa kati ya mwaka wa 1762 na 1772. Aliyenunua juzuu ya kwanza alingoja miaka kumi na moja kabla ya kuona picha yo yote.

Hapo ndipo ilipozaliwa ile desturi ya kuandika "tazama picha ya nne", ambayo wasomaji wengi hudhani ni tabia ya asili ya maandishi ya kitaalamu. Siyo, ni alama iliyoachwa na upungufu wa mtambo. Desturi ikadumu hata sababu yake ilipokwisha. C. G. Büttner alipotoa mjini Berlin mwaka wa 1892 mkusanyo wake wa barua za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, nakala za picha za hati ziliwekwa katika kurasa za peke yake, na usomaji wake kwa herufi za Kilatini mahali pengine. Kitabu hicho kina faida isiyopungua hata leo, lakini atakaye kuhakiki herufi moja yampasa kushika kurasa mbili kwa vidole viwili.

Wakati huo huo dawa ilikuwa imekwisha patikana. Thomas Bewick wa Newcastle alikuwa ameonyesha, katika kitabu chake cha wanyama cha mwaka wa 1790, kwamba mti mgumu ukichongwa kwa upande wa ncha zake waweza kuchukua mchoro mwembamba karibu sawa na shaba, na kibao chake hufungwa pamoja na herufi kama zamani. Baada ya mwaka wa 1880 bamba la nukta, linalovunja picha ya kamera kuwa nukta kubwa na ndogo, liliwezesha hata picha za kupigwa kukaa katikati ya maneno. Tena katika miaka hiyo hiyo mitambo ya kupanga herufi ilianza. Linotype, iliyotumika mara ya kwanza katika gazeti la New York mwaka wa 1886, ilimimina mstari mzima kuwa kipande kimoja cha risasi. Ilifaa sana magazeti, lakini kwa majedwali ilikuwa nzito, maana kusahihisha tarakimu moja kulitaka mstari wote umiminwe upya. Monotype, ambayo Tolbert Lanston aliipatia hataza yake ya kwanza mwaka wa 1887, ilimimina herufi moja moja, na kwa hiyo ikawa mtambo uliopendwa na wapanga majedwali na vitabu vya hesabu.

Katika Monotype kuna jambo linalostahili kuangaliwa kwa makini. Mtambo huo ulikuwa wa sehemu mbili. Mtu alikaa penye vibonye, na kila alipobonyeza, ukanda wa karatasi ulitobolewa. Kisha ukanda ulichukuliwa mpaka mtambo wa pili, nao ukamimina herufi kwa kufuata matundu. Ukanda ule ulibeba herufi na nafasi, basi. Haukuweza kubeba picha. Mwandishi wa ukanda aliacha pengo kwa kipimo, na mpanga kurasa, aliyekuwa na macho na rula, ndiye aliyetia kibao mahali pake. Kugawanyika huko kwa kazi, maandishi yasiyo na picha upande huu na ukurasa wenye picha upande wa pili, ndiko kunakokutwa hata leo kila faili la maandishi matupu linapopelekwa kupangwa. Kilichobadilika ni kwamba yule mpanga kurasa mwenye macho hayupo tena.

Alianza kuondoka katika miaka ya 1960 na 1970. Katika maabara za Bell huko Marekani, Joe Ossanna alitunga programu iitwayo troff iliyopeleka maandishi ya kompyuta katika mtambo wa kupanga herufi kwa mwanga. Kwa ajili ya majedwali Mike Lesk alitunga programu nyingine, tbl, na Brian Kernighan baadaye akatunga pic kwa michoro. Kila moja ilitafsiri sehemu yake ya maandishi na kuikabidhi kwa inayofuata, na utaratibu wa kufuatana kwao ulikuwa jambo la lazima. Picha zenyewe za kamera hazikuingia kabisa: nafasi iliachwa, na picha ikabandikwa kwa gundi juu ya karatasi kabla ya kupigwa kamera ukurasa mzima.

Donald Knuth wa chuo kikuu cha Stanford alianza kazi yake ya TeX mwaka wa 1977, baada ya kuchukizwa na sampuli za toleo jipya la juzuu ya pili ya kitabu chake, zilizopangwa kwa mwanga, ambazo uzuri wake haukufikia ule wa Monotype. TeX huona ukurasa wote kuwa masanduku. Herufi ni sanduku lenye upana, kimo juu ya mstari ule usioonekana ambao herufi hukalia, na kina chini ya mstari huo. Masanduku huunganishwa kuwa mistari, mistari kuwa kurasa. Jedwali nalo ni masanduku yaliyopangwa kwa safu, ambapo upana wa kila safu huamuliwa na sanduku lililo pana kupita yote. Kuhusu picha Knuth hakuweka utaratibu. Aliacha amri moja ya kupitisha ujumbe wo wote kwa programu ya mwisho inayoendesha mtambo, naye asijishughulishe na maana ya ujumbe huo. Wako waliomlaumu, lakini uamuzi wake ulikuwa wa busara, kwani aina za picha za mwaka 1977 hazipo tena, na TeX ingalipo.

Hata hivyo, kwa miaka kadhaa TeX haikujua ukubwa wa picha iliyokuwa ikipangwa. Mtungaji alipima mwenyewe na kuacha pengo, kama yule wa ukanda wa Monotype. Lugha ya PostScript, iliyotolewa na kampuni ya Adobe mwaka wa 1984, ilileta nafuu: picha za namna yake zilikuwa na mstari mmoja wa maandishi unaotaja kwa tarakimu nne pembe za picha. TeX iliweza kuusoma mstari huo na kutengeneza sanduku la kipimo sawa. Toleo jipya la LaTeX lilipotoka mwaka wa 1994, David Carlisle na Sebastian Rahtz walikwisha weka amri moja ya kuingiza picha na kutaja upana au kimo chake. Baadaye Hàn Thế Thành, aliyekuwa akisoma katika chuo kikuu cha Brno, alitunga pdfTeX, ambayo husoma yenyewe vipimo vya picha za kamera.

Picha ikawa tena herufi kubwa, kama kibao cha Ratdolt. Lakini ilikuwa herufi yenye tabia mbaya. Kwa kuwa sanduku la picha lina kimo tu wala halina kina, hukaa lote juu ya mstari wa herufi. Maneno ya kijumba cha jirani, yakishika mstari huo huo, hujikuta miguuni pa picha, huku juu yake pameachwa nafasi tupu. Tena LaTeX hutia katika kila mstari wa jedwali nguzo isiyoonekana ili mistari ya kutenga isiguse herufi. Picha iliyo ndefu kuliko nguzo hiyo hugusa mstari wa juu kama kichwa kigusacho dari. Mafundi waliijua dawa: kushusha picha kwa nusu ya kimo chake, na kuongeza nafasi kidogo juu. Mtu aliyeandika LaTeX kwa mkono wake aliweza kufanya hivyo katika kila kijumba.

Shida iliyo ngumu zaidi ililetwa na jambo jema. Waandishi wengi walichoka na alama nyingi za LaTeX, wakataka kuandika maandishi matupu yanayosomeka na mtu ye yote, kisha programu iyageuze. Mwaka wa 2003 Carsten Dominik, mnajimu wa chuo kikuu cha Amsterdam, alianza Org. Mwaka wa 2004 John Gruber alitoa Markdown. Mwaka wa 2006 John MacFarlane, mwalimu wa falsafa huko Berkeley, alianza Pandoc, ambayo hugeuza maandishi ya namna moja kuwa ya namna nyingine nyingi. Markdown ya kwanza ilikuwa na alama ya picha lakini haikuwa na jedwali. Jedwali liliongezwa na wengine waliomfuata Gruber. Picha yenyewe haikuwa na mahali pa kuandikia upana. Jina la faili la picha na maneno ya kuieleza, ndivyo vilivyokuwamo tu.

Katika Org jedwali huchorwa kwa mistari wima kati ya vijumba, na picha hutajwa kwa jina la faili lake ndani ya mabano ya mraba mawili mawili. Maagizo ya upana huandikwa katika mstari wa juu ya kitu kinachohusika. Ikiwa picha imesimama peke yake, mstari ule ni wake. Ikiwa picha imo katika kijumba, mstari ulio juu ni wa jedwali zima, wala hakuna mahali pa kuiagiza picha yenyewe. Basi programu hurudia kipimo chake cha kawaida, yaani sehemu tisa katika kumi za upana wa mstari. Na mstari ni upi? Ikiwa safu imepewa upana maalumu, mstari ni ule wa safu, na picha hukaa vizuri. Ikiwa safu ni ya namna ya kawaida, inayopanuka kwa kufuata kilichomo, mstari ni ule wa ukurasa mzima. Picha tatu katika mstari mmoja hutaka upana wa karibu kurasa tatu, na jedwali hutokea nje ya karatasi upande wa kulia.

Kuondoa kipimo cha kawaida pia hakutoshi. Picha yenye nukta 600 kwa upana, ikiwa faili lake limeandikwa nukta 300 kwa inchi, itakuwa na inchi 2, na hiyo yafaa. Picha ile ile ikiwa imeandikwa nukta 72 kwa inchi itakuwa na zaidi ya inchi 8, yaani sentimita 21.2, na karatasi ya A4 ina sentimita 21 tu. Jicho halitambui tofauti kati ya mafaili hayo mawili katika kioo cha kompyuta. Tofauti imo katika tarakimu moja ambayo mtungaji hajapata kuiona.

Pandoc nayo imechukua njia yake. Picha iliyo peke yake katika aya huifanya kielezo chenye maelezo chini yake, ambacho LaTeX huruhusiwa kukihamisha mpaka penye nafasi. Katika kijumba cha jedwali kitu cha kuhamahama hakikubaliki, na LaTeX hukataa kwa ujumbe ambao wengi hawauelewi. Hivyo picha ya kijumbani yapasa kuwa sehemu ya mstari, kama neno. Tangu mwaka wa 2016 Pandoc hukubali upana uandikwe katika mabano baada ya picha, hata ndani ya jedwali, na kwa hili imeitangulia Org.

Watumiaji wa Org kwa kawaida hufuata mojawapo ya njia tatu. Wengine huandika amri ya LaTeX yenyewe ndani ya kijumba. Karatasi hutoka nzuri, lakini maandishi hayo hayo yakipelekwa katika namna nyingine picha hutoweka, na shabaha ya kuandika maandishi matupu huharibika. Wengine huweka kifupisho mwanzoni mwa faili, kinachofunuliwa kwa namna tofauti kwa kila aina ya kupanga. Ni safi zaidi, ila kijumba hakisomeki tena kwa jicho la mtu. Wengine huzipunguza picha zote kwa kipimo kimoja kabla hazijaingia, wakatoa agizo moja la upana kwa hati nzima na upana maalumu kwa kila safu. Kwa jedwali la miandiko, ambamo picha zote zataka kulinganishwa kwa ukubwa ulio sawa, njia hii ya tatu ndiyo bora, maana mwandishi mmoja asionekane ana mkono mkubwa kuliko mwenzake kwa sababu tu picha yake ilikatwa vingine.

Lililo zito kuliko ukubwa ni hili: katika maandishi matupu picha haimo. Limo jina lake tu. Kibao cha mti kilikuwa ndani ya fremu. Fremu ikibebwa, nacho kilibebwa. Faili la maandishi likitumwa kwa mhariri bila ya folda ya picha, kila kijumba huwa na jina lisilo na mwenyewe, na jina kama "picha3" halimwambii mtu ni hati ipi. Waliozoea kazi hii hutia katika jina la faili namba ya hati na namba ya ukurasa, herufi ndogo tupu na bila ya nafasi, ili hata picha ikipotea mtu aweze kuitafuta katika makumbusho ilikotoka. Maneno ya kuieleza picha nayo yana safari yake. Katika Markdown yapo kwenye mabano mbele ya jina. Picha ikiwa peke yake huwa maelezo ya chini, lakini katika kijumba kwa muda mrefu hayakufika karatasini kabisa, wala katika faili la PDF, na msomaji asiyeona, anayesomewa ukurasa na kompyuta, alipofika kwenye kijumba hicho alikuta kimya.